Lami haishuki Idjwi kesho: jengeni kwanza njia ya kinga

Kampeni ikikaribia, wagombea wanavuka ziwa Kivu kwa boti, wanasimama mbele ya wakaaji wa Idjwi na kuahidi lami. Wanapigiwa makofi. Kisha wanarudi Bukavu, na mtu wa kinga anabaki na mlima wake. Makofi hayo yanashangaza, kwa maana wengi wanaoyapiga hawana gari, wala hawatakuwa nalo lami ikifika. Kisiwa kina urefu wa kilomita 40 hivi na watu wanaokadiriwa kupita 250 000, lakini magari yake ni ya kuhesabu. Kinachoibeba Idjwi ni mgongo wa mama, kinga, na pikipiki kwa yule mwenye pesa ya kumlipa motari.

Tazama tu safari ya mananasi. Mkulima anayavuna jioni ili yafike kwenye boti asubuhi. Kinga inafungwa mzigo wa kilo 100, mara nyingine zaidi, na kuanzia hapo haipandwi tena: inasukumwa. Mmoja anashika usukani, mwingine anasukuma nyuma. Mlima ukiisha, mteremko ni mbaya kuliko mlima wenyewe, kwa sababu breki zilishakufa na mtu anazuia mzigo kwa kisigino. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unakuwa sabuni. Boti haingoji. Mnunuzi aliye bandarini anajua kwamba nanasi lililochelewa litaoza, na anataja bei yake bila haya. Kila mwaka mkulima wa Idjwi anapoteza pesa pale, kati ya shamba na maji, na hakuna mgombea anayezitaja.

Tatizo kubwa si vumbi wala matope. Ni mwinuko. Njia nyingi za kisiwa ni vijia vya miguu vilivyopanuliwa kwa jembe, na kijia cha miguu kinapanda kilima moja kwa moja kama mbuzi. Ukimwaga lami juu ya njia kama hiyo, mtu wa kinga ataendelea kusukuma, ila sasa atasukuma juu ya kitu kinachoteleza.

Kuna watu waliolijua hilo zamani, hapahapa Kivu ya Kusini. Wakati wa Wabelgiji ilijengwa reli katika bonde la Ruzizi, kutoka Uvira kwenye ziwa Tanganyika hadi Kamanyola, kilomita zaidi ya 90. Nia ilikuwa kuunganisha maziwa mawili, lakini reli iliishia Kamanyola, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na miinuko ya Ngomo, ambayo madereva wa Bukavu wanaijua vizuri kwa ajali zake. Treni haiwezi kupanda kama mbuzi. Kwa hiyo mjenzi wa reli anazunguka kilima polepole, anapita juu ya kinamasi kwa tuta, na mita 100 za njia zinapanda mita 2 au 3 tu. Reli ile ilifungwa kabla ya uhuru, na hakuna aliyefikiria kwamba tuta lake lingeweza kumfaa mtu wa kinga.

Marekani walifikiria. Katika jimbo la Wisconsin, reli iliyoachwa kati ya miji ya Elroy na Sparta iligeuzwa njia ya kinga katika miaka ya 1960, kilomita kama 50. Tangu hapo njia za namna hiyo zimezaliwa nyingi, nyingine zikiwa na lami safi, zikipita katikati ya vinamasi na chemchemi, na watu wanazipanda kwa starehe ya siku ya mapumziko. Ile ya Elroy yenyewe ilitandikwa mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Kinga zinapita juu yake bila lami.

Mtu atasema Idjwi haijawahi kuona treni. Kweli. Lakini haihitaji treni ili ipate mteremko wa treni. Njia ya upana wa mita 2, ikifuata ubavu wa vilima juu ya ziwa, kutoka Bugarula hadi Monvu, itakuwa ndefu kuliko barabara ya sasa, na bado mwenye mzigo atafika mapema zaidi, kwa sababu atakuwa amepanda kinga yake. Mawe kisiwa kinayo. Mikono ya kuyaponda kinayo pia, hata kupita kiasi.

Pagumu ni mabondeni, na hapo ndipo viongozi wa teritwari, waami wa Rubenga na Ntambuka na shirika la raia wanapaswa kuwa wakali. Desturi ya kutengeneza njia huku kwetu ni kukata ubavu wa kilima na kumwaga udongo chini bila kuuliza chini kuna nini. Mara nyingi chini kuna chemchemi. Matope yanaifunika, na akina mama wanarudi kuchota ziwani, ambako kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni. Hiyo si maendeleo, ni kumpa mtu barabara ya kumpeleka hospitali baada ya kumnywesha ugonjwa. Kinamasi nacho hakikauki bila malipo: mafunjo na nyasi zake ndizo zinazoshika maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo kiangazi. Basi njia ipite juu ya tuta la mawe lenye mabomba mengi ya kupitisha maji, na kila chemchemi ijengewe kabla jembe la kwanza halijapiga juu yake. Asiyekubali sharti hilo asipewe kazi.

Wako wanaoona kinga ni aibu, alama ya umaskini, na wanataka kisiwa kiruke moja kwa moja hadi kwenye gari. Wako wengine wanaoota watalii wenye kofia za plastiki wakipiga picha za ziwa. Watalii wakija, karibu, njia itawatosha. Lakini isichorwe kwa ajili yao. Ichorwe kwa ajili ya mwenye kahawa, kwa ajili ya Mbambuti asiye na shamba anayeishi kwa kubebea wengine mizigo, na kwa mama mwenye uchungu ambaye leo anafikishwa Monvu kwenye machela juu ya mabega ya wanaume wanne. Motari watataka kuingia, hilo halina shaka, na pikipiki tatu zikipita baada ya mvua zinaharibu kazi ya wiki nzima. Mawe mawili makubwa kila mwanzo wa kipande, yenye nafasi ya kinga na machela tu, yanatosha kuwazuia, mradi shefu wa kijiji asiyaondoe kwa ajili ya shemeji yake.

Salongo ipo, lakini isiwe tena ya maskini peke yao na jembe lao. Kodi inayokusanywa sokoni na bandarini inatoka kwenye mizigo hiyohiyo inayosukumwa mlimani, kwa hiyo sehemu yake ilipe mapipa ya saruji, mabomba na kantonye wa kudumu. Kianze kipande kimoja, kutoka soko moja hadi bandari yake. Kupima na kuponda mawe kuanze Juni. Septemba mvua inarudi.