Mahali pa Dumu la Petroli: Waraka kutoka Ughaibuni kwa Watu wa Delta ya Rufiji na Kibiti

Kwa wazee wa vijiji, manahodha, mafundi mashine, kina mama wa majumbani na vijana wa bodaboda, walioko Nyamisati, Salale, Mbwera, Kiongoroni na Simba Uranga, pamoja na walioko bara, Bungu na Kibiti mjini.

Waraka huu unatoka kwa watoto wa delta waliotawanyika Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba, ambako boriti za mikoko ya Rufiji zilitangulia kufika kwa majahazi na kuezekea nyumba kabla ya wengi wao kuzaliwa, na unahusu jambo moja tu, nalo ni namna petroli inavyowekwa majumbani. Jambo hili huchukuliwa kuwa dogo kwa sababu dumu limekaa pembeni ya mlango miaka nenda miaka rudi bila kudhuru, na kwa kuwa waliodhurika hawakuwa jirani, jirani huendelea kuweka dumu lake palepale.

Ieleweke mapema kwamba kumwambia mkazi wa delta asiweke petroli nyumbani ni maneno matupu. Mto Rufiji hugawanyika katika milango mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Kisiwa cha Mafia, na vijiji vingi vimekaa juu ya visiwa vilivyozungukwa na mikoko, ambako hakuna barabara wala lori la mafuta linaloweza kufika, hali vituo vya kujazia viko bara, kandokando ya barabara ya Kilwa. Mafuta hayana njia nyingine ya kufika isipokuwa ndani ya dumu, juu ya bodaboda hadi bandarini na kutoka hapo ndani ya boti. Mafuta hayohayo ndiyo yanayoendesha mashine ya mvuvi wa kamba, na ndiyo yanayomfikisha mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku kwenye kituo cha afya. Kwa hiyo swali lenye maana si kama petroli iwekwe au isiwekwe, bali iwekwe wapi, ndani ya nini na kwa kiasi gani.

Sheria nayo haina budi kutajwa, ingawa si kiini cha waraka huu. Biashara ya mafuta husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, na mamlaka hiyo imekataza mara nyingi uuzaji wa petroli katika madumu na chupa majumbani. Katazo hilo lina sababu, lakini peke yake halijapeleka kituo hata kimoja kisiwani, na ndiyo maana hatua ya kuweka kanuni nafuu za vituo vidogo vya vijijini, pamoja na mikopo inayotolewa na Wakala wa Nishati Vijijini kwa wanaotaka kuvijenga, inastahili kufuatiliwa na serikali za vijiji kuliko inavyofuatiliwa sasa.

Kiini chenyewe ni hiki: petroli haiwaki ikiwa kimiminika, bali kinachowaka ni mvuke wake, yaani hewa isiyoonekana inayotoka juu ya mafuta wakati wote. Wataalamu hupima hatari ya mafuta kwa kiwango cha mmweko, maana yake joto la chini kabisa ambalo mafuta huweza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto pakitokea cheche. Kwa mafuta ya taa kiwango hicho ni kuanzia nyuzi 38 za Selsiasi, na kwa dizeli kiko juu zaidi, lakini kwa petroli kiko karibu na nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo haijapata kuonekana popote Pwani. Hii ina maana kwamba hakuna saa ya mchana wala ya usiku, wakati wa kipupwe au wa kiangazi, ambapo petroli iliyo wazi katika delta haiko tayari kuwaka, na kwamba mazoea ambayo watu wameyajenga kwa kuishi na mafuta ya taa vizazi vingi hayafai hata kidogo kwa petroli.

Mvuke huo una tabia mbili ambazo kila mwenye dumu anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni uzito, kwa kuwa ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa ya kawaida, na kwa sababu hiyo haupai juu na kupotea kama moshi, bali hushuka na kutambaa chini kama maji yanavyotafuta bonde, ukajikusanya mahali palipoinama na kusubiri. Ya pili ni uchache unaotosha, maana hewa yenye mvuke wa petroli asilimia 1.4 tu tayari huwaka. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote hutoa karibu lita 200 za mvuke, kiasi ambacho kikichanganyika sawasawa na hewa huweza kukifanya chumba cha mita mbili na nusu kwa mbili na nusu kiwe tayari kulipuka, na anayeingia na kibatari hatakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, watu walikusanyika na madumu kuchota petroli iliyomwagika kutoka lori lililopinduka, na moto ulipowaka waliofariki hatimaye walizidi 100. Mafuta yalikuwa ardhini, lakini waliokuwa wamesimama walikuwa tayari ndani ya mvuke.

Sasa na itazamwe nyumba ya delta kwa jicho hilo. Katika mashamba ya mpunga ya bondeni watu hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili kuepuka maji na wanyama, na sakafu yake ni ya fito zilizopangwa zikiacha nyufa. Juu hulala watu na vitu vyao, na chini, penye kivuli, mara nyingi ndipo yanapowekwa mafiga. Dumu la petroli lililowekwa juu, kwenye pembe ya kitanda, likiwa na kifuniko kilicholegea au kipande cha nailoni kilichofungwa kwa kamba badala ya kifuniko, humwaga mvuke wake taratibu kupitia nyufa za fito hadi penye makaa. Mwenye nyumba hatasikia harufu kali kule juu, kwa sababu mvuke umekwisha shuka, na ataamini kwamba dumu liko salama hasa kwa vile halinuki. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti haina nyufa sakafuni, lakini ina mlango unaofungwa usiku, dirisha dogo lililozibwa kwa ajili ya mbu, na kibatari au jiko la mkaa karibu na ardhi, na hayo yanatosha. Taa za sola zimepunguza vibatari, jambo la kushukuru. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na jiko la gesi litafika visiwani nalo, lakini gesi au kuni, mwali ni mwali.

Ushahidi wa jambo hilo upo huku ughaibuni. Mwezi Machi 2012, palipokuwa na tishio la mgomo wa madereva wa malori ya mafuta Uingereza, waziri mmoja aliwashauri wananchi waweke petroli kidogo nyumbani, na siku chache baadaye mwanamke mmoja wa mji wa York aliungua vibaya alipokuwa akimimina petroli kutoka chombo kimoja kwenda kingine jikoni mwake, huku jiko la gesi likiwaka. Hakuwa maskini wala asiyesoma, na nyumba yake haikuwa ya makuti. Kanuni za Uingereza za mwaka 2014 zinaruhusu mtu kuweka nyumbani hadi lita 30 bila kutoa taarifa kwa mamlaka, katika vyombo vya plastiki visivyozidi lita 10 kila kimoja au vya chuma visivyozidi lita 20, na zinakataza kuviweka katika sehemu ambayo watu wanaishi, iwe sebule, chumba cha kulala au jikoni. Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2020, imelazimisha vyombo vya kubebea petroli viwe na kizuia moto, yaani wavu mdogo mdomoni unaozuia mwali wa nje kupenya hadi kwenye mvuke wa ndani. Kanuni hizo hazikutungwa kwa sababu ya utajiri, zimetungwa kwa sababu ya mvuke, na mvuke wa Simba Uranga hauna tofauti na wa York.

Kuhusu chombo, dumu la njano la lita 20 linalojulikana Afrika Mashariki nzima lilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Plastiki yake huruhusu mvuke wa petroli kupenya pole pole hata kifuniko kikiwa kimekazwa, na jua likiipiga miaka miwili mitatu hukauka na kupasuka kwenye mshikio au kwenye kona. Chupa ya maji ya kunywa ni mbaya zaidi, si kwa wembamba wake tu, bali kwa kuwa mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Chombo kinachofaa ni cha chuma au cha plastiki nene kilichoundwa kwa ajili ya petroli, chenye kifuniko cha mpira wa kubana, na kisijazwe pomoni, kwa kuwa petroli hutanuka: lita 20 zilizotoka kituoni zikiwa na nyuzi 25 na kukaa juani hadi 45 huongezeka karibu lita 0.4, na zisipopata nafasi hutafuta mlango. Kuacha lita moja tupu kunatosha. Tangi la kubebeka la mashine ya boti lina skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko, ambayo hufunguliwa mashine ikifanya kazi na inatakiwa kufungwa boti likitia nanga. Skrubu hiyo ikisahauliwa wazi usiku kucha ndani ya nyumba, kukaza kifuniko hakuna faida. Mafuta yaliyochanganywa na oili kwa ajili ya mashine hizo, kwa kawaida lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, huwaka vilevile.

Wakati wa kujaza, dumu lishushwe kutoka kwenye bodaboda au boti na kuwekwa chini ardhini, na bomba liguse mdomo wake, kwa sababu mafuta yanayotiririka ndani ya plastiki huzalisha umeme tuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya juu ya kitu bila pa kwenda hadi iruke kama cheche. Kuhusu kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira, desturi ambayo mafundi huionea fahari, inatosha kusema kwamba matone machache yakiingia mapafuni huleta homa ya mapafu inayoweza kuua, na kwamba aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa kutapika huyapitisha mafuta karibu na mapafu mara ya pili. Kumimina kwa faneli badala yake hakuna gharama ya kuzungumziwa.

Mafuriko yanadai uangalifu wa pekee. Mwezi Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na katika hali kama hiyo kaya hukusanya kila kitu, watoto, magunia, kuku na madumu, katika chumba kimoja kilichobaki kikavu, na hupika humohumo. Zaidi ya hayo, petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo dumu lililopinduka ndani ya maji ya mafuriko hutandaza mafuta juu yake na kuyapeleka hadi nyumba ya tatu. Kwa sababu hiyohiyo moto wa petroli hauzimwi kwa ndoo ya maji, ambayo huubeba na kuutawanya, bali kwa mchanga mkavu au kizimia moto cha unga. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, lakini gari lake halivuki mto, na aliyeungua atasafirishwa kwa boti kabla ya kuona gari lolote. Kinachoweza kumsaidia katika saa ile ni maji safi ya kutiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, pasipo dawa ya meno, majivu wala yai.

Limebaki jambo linalowahusu walioandika waraka huu kuliko waliopelekewa. Fedha zinazotumwa kutoka nje zimenunua mashine za boti na pikipiki, na mara chache sana zimenunua chombo cha kuwekea mafuta yake, kana kwamba mashine ikishafika dikoni mafuta yatajitafutia mahali. Pendekezo linalowekwa mbele ya serikali za vijiji na vikundi vya wavuvi ni kwamba kila diko liwe na banda moja la mafuta, lililoezekwa bati ili kupata kivuli, lenye kuta za wavu au zilizoachwa wazi sehemu ya chini ili mvuke utoke, lililosimama juu ya kiwango cha maji ya mafuriko na upande ambao upepo hauelekei kijijini, hatua zisizopungua ishirini kutoka nyumba yoyote, mafiga yoyote na mahali pa kukaushia samaki, likiwa na ndoo za mchanga, kufuli na mtunza ufunguo anayejulikana. Mwenye kukaa mbali na diko ajitengenezee kijisanduku cha namna hiyohiyo nje ya uzio, na ndani yake asiweke zaidi ya mafuta ya safari moja. Mabati, wavu na vyombo vya chuma vya lita 20 vitachangiwa kutoka huku, na mahali pa kusimamisha banda patachaguliwa na wazee na manahodha, ambao wanajua maji ya mwaka 2024 yalifika wapi.