Foleni ya Mpakani Hufika Hadi Nyumbani

Mwezi uliopita nilihudhuria nikaha ya binti wa jirani yangu. Baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, hakuwapo. Alikuwa Tunduma kwa siku ya nne, akisubiri kuvuka kuingia Zambia. Ilimbidi amfanye mdogo wake kuwa wakili kwa njia ya simu. Ndoa ilisihi, lakini mama wa binti alilia, na si kwa furaha pekee.

Tumezoea kudhani kwamba mambo ya forodha ni ya mawaziri na wafanyabiashara. Sivyo.

Zamani lori lililotoka bandari ya Dar es Salaam lilikaguliwa Tunduma, kisha likaanza upya upande wa Nakonde: nyaraka zilezile, maswali yaleyale. Dawa iliyobuniwa ni kituo cha pamoja cha mpakani. Maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja, katika nchi inayoingiwa, na msafiri husimama mara moja tu. Barani Afrika kituo cha kwanza cha namna hii kilifunguliwa Chirundu, baina ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2009. Cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu mwezi Oktoba 2019.

Basi kwa nini foleni zingali zikirudi? Kwa sababu jengo ndiyo sehemu nyepesi. Nzito ni makubaliano: sheria ya kumruhusu ofisa wa nchi moja kutumikia katika ardhi ya nyingine, saa za kazi zinazolingana, mifumo ya kompyuta inayosomana, na wakaguzi wa afya, viwango na kilimo wanaokagua kwa pamoja badala ya kupokezana. Ikikosekana moja, lori husimama. Na gharama ya kusimama haibaki barabarani; huingia katika bei ya bidhaa, ikalipwa na mama aendaye sokoni.

Serikali zetu zimetia saini, nazo zinastahiki shukurani. Lakini ahadi ni deni. Tuwaulize wabunge wetu: lori husubiri saa ngapi mpakani, na nani anayezihesabu?

Jirani yangu alirejea siku ya tisa baada ya harusi. Alikuja ofisini kwetu akaomba aoneshwe daftari la ndoa. Akasoma jina la mwanawe, akashukuru, akaenda zake kulala.