Hiyo sarafu ya 40 haitakujengea nyumba

Wasee wa Kisii na Nyamira, wacha niseme hii maneno halafu mnitukane kwenye komenti kama kawaida. Ile sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, ya mwaka 2003, si laki tano. Hata elfu tano si. Ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na wakusanyaji wa sarafu huko nje wanauziana kwa dola chache. Ukienda nayo Daraja Mbili itakununulia kile 40 bob hununua, yaani si mengi.

Lakini kila nikifungua simu kuna mtu ameweka video: "Angalia kwa mkebe wa nyanyako, wewe ni milionea!" Zamani walikuwa wanasema tu sarafu ni ya kale. Siku hizi wamekuwa wajanja. Sasa sarafu yako ina "kosa la kiwandani", na hilo kosa linaweza kuthibitishwa kimataifa, kilichobaki ni wewe kulipia cheti. Elfu mbili mia tano kwa M-Pesa. Ukilipa, kuna ushuru. Ukilipa ushuru, kuna bima. Mama mmoja anayeuza ndizi Keroka alilipa zote tatu. Sarafu bado anayo, ameifunga kwenye leso. Ile namba aliyotumia pesa haipatikani.

Kinachoniudhi ni kwamba wanatumia kitu cha kweli kuuza uongo. Kampuni za kupima sarafu zipo. Mbili kubwa ni PCGS na NGC, zote za Marekani, zote zilianza miaka ya 1980. Unawatumia sarafu yenyewe, si picha ya WhatsApp. Wanaikagua, wanaipa alama kati ya 1 na 70, wanaifungia kwenye kikasha cha plastiki chenye namba. Ukitaka waandike pia kwamba ni ya aina fulani ya pekee au ina kosa la mtambo, hiyo ni huduma nyingine na unailipia juu. Ongeza uanachama, ongeza kusafirisha kwenda na kurudi. Kutoka Nyamira mpaka Florida, umemaliza maelfu kabla mtu hajaitazama. Na wakisema si kosa, ni sarafu iliyoharibika tu, usitarajie ada yako irudi.

Hapo kwa "iliyoharibika" ndipo kuna stori. Kosa la kweli linatokea kiwandani: sarafu imechapwa pembeni badala ya katikati, au kipande cha chuma kilikuwa kimekatika kabla ya kuchapwa. Chochote kinachoipata baada ya kutoka pale si kosa, ni maisha. Ten bob yetu ya metali mbili ina pete na kiini. Kuna vijana wanagonga kiini mpaka kitoke, halafu wanapost ati "adimu sana". Buda, hiyo ni nyundo.

Halafu kuna hii ya maandishi mawili mawili, ambayo ndiyo inawachanganya wengi. Ule muhuri wa kuchapia wenyewe ukitengenezwa na maandishi yaliyojirudia, kila sarafu inayotoka kwake itakuwa nayo. Ndivyo ilivyokuwa senti ya Marekani ya 1955, inayotafutwa hadi leo. Lakini muhuri mzuri ukiteleza kidogo wakati wa kugonga, unapata kivuli bapa kando ya herufi. Hiyo hutokea kila mara na wapimaji hawaihesabu. Karibu kila "maandishi mawili" mnayonitumia inbox ni hiyo ya pili.

Najua utasema, si kuna senti iliuzwa mamilioni? Ndio, ipo. Mwaka 1943 Marekani ilichapa senti za chuma kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Chache zilichapwa kimakosa kwenye shaba, na moja leo ni mamilioni ya pesa zetu. Sasa watu wakachukua zile za chuma wakazipaka shaba. Weka sumaku: ikishika, umepigwa. Kazi ya mpimaji ndiyo hiyo, kutoa chache za kweli kwenye rundo la feki. Wanunuzi walikuwepo kwanza, cheti kikaja nyuma yao. Hapa kwetu mnaanza na cheti halafu mnangoja mnunuzi aanguke kutoka mbinguni. Nani huko Ulaya anakesha akingoja shilingi ya Moi yenye herufi nene kidogo? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mambo ya karatasi bila soko msinifundishe.

Chukua zile senti za tundu ambazo wazee wetu bado wanazo. Kuna za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti mwaka huo huo bila kuvishwa taji. Sarafu zake za Uingereza hazikuwahi kutolewa kwa wananchi, ndiyo maana chache zilizopo ni bei ya kutisha. Tapeli anakuonyesha hiyo bei. Hakwambii kwamba senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye jina hilo hilo zilichapwa kwa mamilioni na bado ni rahisi kupata. Tafuta herufi ndogo: H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham, na KN ni Kings Norton. Umeshajua aina ya sarafu yako bila kulipa mtu hata ndururu.

Au angalia za Mzee Kenyatta. Zile za kwanza, za 1966, hazina maandishi kuzunguka kichwa chake. Kuanzia 1969 zinayo, kwamba ni rais wa kwanza. Weka mbili kando kando uone. Mimi hiyo nafurahia kuliko video zote za milionea, na naona ni aibu kwamba watoto wa Ogembo wanajua bei ya uongo ya sarafu lakini hawajawahi kuisoma.

Na nyinyi wenzangu wa kupost, msijifanye hamjui. Kuna ukurasa ulinifuata nitangaze hizo "vyeti", nipewe mia tatu kwa kila mtu atakayelipa. Mia tatu, kichwa cha nyanya wa mtu. Wengine wenu mlikubali, video nimeziona, na mnajua watazamaji wenu ni watoto wa shule wanaokimbia kwenda kuamsha mzee atoe mkebe.

Basi mtu akikwambia sarafu yake imepimwa, mwombe namba ya kikasha. PCGS na NGC wana mahali pa kuangalia hizo namba bure, hata kwa simu ya bando la ten bob. Nimeomba kurasa sita za hapa kwetu. Tano zimenifungia. Ya sita ilinitumia namba ya M-Pesa.