ASKARI NI MTOTO WA NANI?

Juma hili twataka kusema waziwazi neno ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Kati ya askari na raia umo ukuta. Askari akipanda basi, mazungumzo hukatika. Kondakta hamwulizi nauli, na kutouliza kwake si heshima bali ni woga. Na wako baadhi ya askari ambao wakitaka kumtukana mtu hawatafuti tusi jingine, humwambia tu, "Wewe raia!" Neno hili lilikuwa la heshima, maana yake mtu mwenye haki katika nchi yake. Limekuwaje tusi? Nani aliligeuza?

Jibu ni refu, na lazima tuanzie mbali.

Wazee wetu wa Kusini walipoinuka katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 mpaka 1907, Mjerumani hakuwapiga kwa mkono wake peke yake. Alikuwa na askari Waafrika, wengine aliwatoa Sudani na wengine aliwaandika katika nchi yetu hii hii. Ndio waliochoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwingereza naye alikuwa na Keya, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Alichagua makabila aliyoyaita ya wapiganaji, akawatenga vijana wao kambini, akawafundisha kwamba wao ni watu wengine na wale wa nje ni watu wengine. Katika vita ya 1914 mpaka 1918 akawakamata wanavijiji kuwa wapagazi, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Mpaka leo Kariakoo yetu yakumbusha jina la kikosi hicho cha wapagazi. Askari mbele na bunduki, raia nyuma na mzigo: hilo ndilo somo la mkoloni.

Somo hilo halikufutika siku ile bendera yetu ilipopanda, tarehe 9 Desemba 1961. Keya ilibadilishwa jina ikawa Tanganyika Rifles, lakini maofisa wakubwa walibaki Waingereza. Hata majina ya kambi hayakuguswa. Ile ya Dar es Salaam iliitwa Colito, jina la mahali huko Uhabeshi Keya ilikopigana mwaka 1941. Ile ya Tabora iliitwa Kalewa, jina la mji wa Burma. Kijana wa Kitanganyika alilala na kuamka katika kambi iliyoitwa kwa ushindi wa Mwingereza. Alikuwa na uhuru wa bendera tu.

Matunda yake tuliyaona tarehe 20 Januari 1964. Askari wa Colito waliasi, wakawakamata maofisa wao, wakaingia mjini. Kesho yake na wale wa Tabora wakafuata. Walidai mshahara zaidi na maofisa Waafrika. Madai yenyewe hayakuwa ya kipumbavu, maana mwananchi gani asingependa kuona Mwafrika akiliongoza jeshi la nchi yake? Lakini madai yakisemwa kwa mtutu wa bunduki hayawi madai tena, huwa amri. Maduka yaliporwa, watu waliuawa, na tarehe 25 Januari Serikali yetu ililazimika kuwaita askari wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wetu. Nchi iliyojitawala kwa miaka miwili ilimwita mtawala wa jana aje kuilinda na jeshi lake yenyewe! Juma hilo hilo askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, nao waligoma. Ugonjwa ulikuwa mmoja kwa sababu mganga alikuwa mmoja.

Lililofanywa baadaye ndilo tunalojivunia. Jeshi lile lilivunjwa. Mwalimu Nyerere aliwaita vijana wa TANU wajiandikishe, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Tulitazame jina hilo vizuri. Halikuitwa Jeshi la Serikali, wala Jeshi la Rais. Na kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, likawa mlango mpana wa kupitia vijana, wa mjini na wa shamba, wenye elimu na wasio nayo, wote wakishika jembe na bunduki pamoja.

Faida yake ilionekana Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978. Huyo alikuwa mwanafunzi halisi wa Keya, aliyeingia mwaka 1946, naye aliwatawala wananchi wa Uganda kama mateka. Sisi tulikwenda vitani askari na mgambo bega kwa bega. Wakulima walitoa ng'ombe na nafaka, malori ya raia yakabeba askari na risasi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Makaburi ya mashujaa kule Kaboya hayaulizi nani alikuwa askari wa kazi na nani alikuwa mkulima aliyeacha shamba lake.

Basi ukuta umerudi kwa njia gani? Twaona umerudi polepole, na kwa milango miwili. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi, askari walikatazwa kuwa wanachama wa chama chochote cha siasa. Jambo hilo lilikuwa sawa, nasi twaliunga mkono. Lakini wako waliodhani kwamba askari akitoka katika chama ametoka pia katika jamii. Kisha mwaka 1994 mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yakasimamishwa, na hayakurudi mpaka mwaka 2013, tena kwa miezi michache tu. Kwa miaka karibu ishirini wasomi wetu walikua bila kushika jembe wala bunduki pamoja na mtoto wa mkulima. Leo wengi wao wamo maofisini, nao wanamjua askari kwa kumwona katika gwaride tu. Na askari naye awajua wao kwa kuwasikia redioni. Watu wasiojuana hawakosi kuogopana.

Sasa tusemeane kama ndugu.

Kwa askari twasema: bunduki hiyo ilinunuliwa kwa pamba, kahawa na korosho za raia huyo unayemdharau. Kumpiga mtu njiani si ushujaa. Askari akimwonea raia, ahukumiwe, na wananchi wajue kwamba amehukumiwa. Siri katika jambo kama hilo hailindi heshima ya jeshi, huila.

Kwa raia twasema: nanyi mna deni. Mwezi Desemba mwaka 2017, huko Semuliki, Kongo, vijana wetu zaidi ya kumi waliuawa wakiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa. Ni wangapi kati yetu waliokwenda kuwatazama wazazi na wajane wao baada ya matanga kwisha? Askari mstaafu anaporudi kijijini, je, twamkaribisha katika baraza letu, ama twamwachia kazi ya ulinzi wa lango usiku? Tukimtenga akiwa na nguvu na kumsahau akiwa mzee, tusishangae akituona kuwa si wake.

Kwa wanachama wenzetu neno letu ni kali zaidi. Wako wanaopenda kusema jukwaani, "Jeshi ni letu." Letu nani? Kama ni letu wananchi, sawa. Kama ni letu wanachama dhidi ya wananchi wengine, basi hilo ni somo la Mjerumani tunalolirudia kwa Kiswahili. Chama kinachotafuta ushindi kwa kivuli cha bunduki kimekwisha kukiri kwamba hakina watu. Sisi tulipata uhuru bila bunduki, kwa kuwa tulikuwa na watu.

Na kwa Serikali twataka mambo matatu. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa yawe ya muda wa kutosha, wala mtoto wa mkubwa asipate njia ya kuyakwepa. Mipaka kati ya kambi na vijiji ipimwe pamoja na wanavijiji, si kwa waya kuzungushwa usiku. Na wastaafu wa jeshi wapewe kazi ya kufundisha ufundi wanaoujua, maana wamo mafundi, waganga na madereva hodari.

Askari hakuanguka kutoka mbinguni. Ana mama kijijini anayepalilia mahindi, naye ni raia. Siku askari atakapomwona mama huyo katika kila mwanamke aliye sokoni, na raia atakapomwona mwanawe katika kila kijana aliyevaa sare, jina la Jeshi la Wananchi litakuwa kweli.