Zana Iliyofungiwa Kabatini Haifundishi

Makumbusho mengi humpokea mgeni kwa amri moja: tazama, usiguse. Lakini katika mji wa San Francisco, Marekani, yapo makumbusho yaitwayo Musée Mécanique, ambayo kanuni yake ni kinyume cha hiyo. Humo zimehifadhiwa mashine za michezo zaidi ya 300, nyingi zikiwa za kale: piano zijipigazo zenyewe, sanamu zitabirizo bahati, vyombo vya kupimia nguvu za mkono. Mgeni hutumbukiza sarafu, na mashine ikaanza kazi mbele ya macho yake. Edward Galland Zelinsky, aliyezikusanya, alifariki mwaka 2004, lakini watu waliendelea kuzichezea.

Sisi tulio katika kazi ya ualimu tunapaswa kulitafakari jambo hili. Mashine ya sarafu si uvumbuzi wa juzi. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Hero wa Alexandria, Misri, alieleza chombo cha hekaluni kilichotoa maji kwa sarafu. Sarafu iliangukia kisahani kwenye ncha moja ya wenzo. Uzito wake ukaishusha ncha hiyo, ncha ya pili ikainua kizibo, maji yakatoka. Kisahani kilipoinama, sarafu iliteleza, kizibo kikarudi mahali pake, na maji yakakoma.

Hapa pana somo zima la wenzo. Mwalimu aweza kulichora ubaoni, wanafunzi wakalinakili na kulikariri hadi siku ya mtihani. Aweza pia kuwapa kijiti, uzi, kifuniko cha chupa na vijiwe, kisha akawauliza: Vijiwe vingapi vyatosha kuinua kifutio? Egemeo likisogezwa karibu na kifutio, je, vitahitajika vingi zaidi au vichache? Atakayejibu kwa kujaribu hatahitaji kukariri.

Wapo wenzetu watakaopinga kwamba watoto ni wengi, zana ni chache, nazo zikishikwa zitavunjika. Ni kweli, zitavunjika. Hata mashine za makumbusho huchakaa kwa kutumiwa, ndiyo maana huhitaji fundi. Kijiti kilichovunjika hupatikana kingine uani mwa shule, na darasa kubwa laweza kugawanywa katika vikundi. Hasara kubwa zaidi ni zana nzuri itolewayo kabatini siku ajapo mkaguzi, ikarudishwa jioni bila ya mtoto hata mmoja kuigusa. Hiyo ni pambo, wala si zana.

Kwa hiyo twawahimiza walimu wanafunzi wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha: kila mwandaapo zana, andikeni katika andalio la somo si yale tu atakayofanya mwalimu kwa zana hiyo, bali pia yale atakayofanya mwanafunzi kwa mikono yake mwenyewe. Nafasi hiyo ikibaki tupu, somo bado halijaandaliwa.