Binti asisajiliwe ili klabu ipate leseni tu

KILA msimu tunaambiwa soka la wanawake linakua, na ni kweli. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Mwaka 2022 Simba Queens wakatinga nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Julai 2025 Twiga Stars wakacheza Wafcon kule Morocco.

Lakini tujiulize: binti wa Maguu, kule milima ya Umatengo wilayani Mbinga, akisajiliwa leo na klabu kubwa, anakwenda kuajiriwa au kujaza idadi?

Tunauliza kwa sababu CAF imeweka sharti kwamba klabu inayotaka mashindano ya Afrika kwa wanaume iwe na timu ya wanawake pia. Sharti hili tunaliunga mkono. Bila kubanwa, viongozi wengi wasingehangaika. Hata Katiba yetu imeweka viti maalumu ili wabunge wanawake wasipungue asilimia 30, maana kusubiri hiari kungechukua miaka mingi.

Wapo wanaosema huo ni upendeleo. Hao tunawakumbusha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia. Kifungu hicho hicho kinasema hatua za kuinua usawa kazini siyo ubaguzi. Na uwezo upo: mwaka 2016 Jonesia Rukyaa alipuliza filimbi kwenye mechi ya Simba na Yanga, mechi ambayo marefa wanaume wengi huiogopa.

Shida inaanza baada ya idadi kutimia. Timu ipo, leseni imepatikana, halafu mchezaji akipata ujauzito, anaachwa kimyakimya. Hiyo siyo busara ya kocha, ni kuvunja sheria. Sheria yetu inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. FIFA nayo, tangu Januari 2021, inataka mchezaji apewe angalau wiki 14.

Na FIFA haitanii. Lyon ya Ufaransa, klabu tajiri kabisa, ilimbania mshahara Sara Björk Gunnarsdóttir alipokuwa mjamzito. Mwaka 2022 ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Dada huyo alishinda kwa sababu alikuwa na mkataba na alijua haki yake.

Hapo ndipo penye kazi. TFF wanapokagua leseni wasiishie kuhesabu vichwa. Wadai mikataba ya kina dada, waone mshahara, bima na likizo ya uzazi vimeandikwa. Klabu isiyokuwa navyo ihesabiwe haina timu ya wanawake.

Wazazi na walezi nanyi, kabla binti hajapanda basi kutoka Mbinga, mkataba usomwe nyumbani, na nakala ibaki. Klabu ikimgeuka, malalamiko yapelekwe TFF au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ahadi ya mdomo haina ushahidi, na mpira ni kazi kama kazi nyingine.