Sola vijijini: Hasara na hatari zimejificha kwenye nyaya

MAENDELEO ya umeme nchini Kenya yamezoeleka kupimwa kwa hesabu mbili: nyumba ngapi zimeunganishwa na gridi, na paneli ngapi za sola zimeuzwa. Hesabu hizo hazisemi lolote kuhusu kinachotendeka baada ya paneli kupandishwa juu ya mabati na nyaya kuteremshwa ndani ya nyumba.

Kwa mwenye boma katika eneo la Yamumbi, viungani mwa Eldoret, hapo ndipo pesa zake huokolewa au hupotea. Eldoret ilipandishwa hadhi na kuwa jiji mwaka 2024, lakini hadhi hiyo haipeleki stima katika kila nyumba ya mashambani.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban nusu ya familia nchini zilitumia umeme wa gridi kwa mwangaza, ilhali karibu familia moja katika kila tano ilitegemea sola. Sola, kwa hivyo, si jambo la wachache tena.

Serikali imejaribu njia kadhaa za kuziba pengo hilo. Mwaka 2015 ilizindua mpango wa Last Mile, uliolenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma kwa ada ya Sh15,000. Baadaye ulikuja mradi wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, wa kueneza sola katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma.

Uasin Gishu haimo katika orodha ya kaunti hizo 14. Mkazi wa Yamumbi aliye mbali na transfoma hana budi kujitegemea: anaingia dukani mjini, ananunua paneli, betri na mita kadhaa za waya, kisha anamwita fundi ambaye huenda uzoefu wake wote ni wa stima ya gridi.

Tatizo linaanzia hapo. Umeme wa gridi huingia nyumbani ukiwa na nguvu ya volti 240, na wa betri ya kawaida una volti 12. Vifaa vyenye jumla ya wati 60 huvuta robo ampea tu kwenye gridi, lakini vikiunganishwa na betri ya volti 12 huvuta ampea tano. Kazi ni ile ile, ila mkondo unaopita kwenye waya umeongezeka mara 20.

Chukua mfano wa jiko la nje na banda la kuku vilivyo mita 10 kutoka kwenye betri, vikiwa na vifaa vya wati 60 kwa jumla. Fundi akitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ambao hutosha kwa taa za gridi, zaidi ya volti moja hupotea njiani, kwenda na kurudi. Volti 12 zilizotoka kwenye betri hufika zikiwa takriban 10.8.

Kwa maneno mengine, sehemu moja katika kila kumi ya kawi iliyonunuliwa kwa jasho huishia kupasha waya joto. Taa hufifia na runinga hujizima yenyewe. Mwenye nyumba huilaumu betri, akaenda kununua nyingine, na siku chache baadaye hali ikawa ile ile.

Dawa yake haina miujiza. Waya wa milimita 6 za mraba hupunguza hasara hiyo hadi chini ya asilimia tatu. Kuisogeza betri katikati ya boma hufupisha safari ya umeme bila kuongeza gharama kubwa. Kwa boma lililotawanyika, mfumo wa volti 24 hupunguza hasara kwa kiwango cha robo tatu, mradi vifaa viwe vya volti hizo.

Wapo wanaokwepa hesabu hizi kwa kununua inverta, mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa volti 240. Hilo lina faida zake, hasa kwa nyumba yenye vifaa vingi vya kawaida. Hata hivyo, inverta inayokula wati 10 bila kufanya kazi yoyote humaliza wati-saa 240 kwa siku, kiasi kinachoweza kuwasha taa nane za wati tano kwa saa sita.

Mbali na hasara, ipo hatari ya moto. Wengi huamini kwamba umeme wa volti 12 hauwezi kudhuru kwa kuwa haumrushi mtu. Ni kweli haurushi, lakini betri ya gari au ya sola ikiguswa ncha zote mbili na waya uliochunika inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa ghafla. Waya huwa mwekundu na plastiki yake kushika moto, na nyumba ya mbao haihitaji zaidi ya hapo.

Fyuzi iliyofungwa karibu na ncha chanya ya betri hukata mkondo huo kabla waya haujawaka. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo mzima. Kisipokuwepo, mfumo huo hauna kinga.

Swichi nazo zina mambo yake. Mkondo wa gridi hufika sufuri mara 100 kwa sekunde, jambo linalosaidia cheche kuzimika swichi inapofunguliwa. Umeme wa betri haupumziki hivyo, na swichi za gridi huungua ncha upesi. Hatari huongezeka paneli zinapounganishwa kwa mfululizo na volti kupanda.

Aidha, kuna mazoea ya kufunga soketi za kawaida za pini tatu kwa umeme wa volti 12. Siku stima ya gridi itakapofika na soketi za aina moja kutumika kwa mifumo yote miwili, itatosha mtoto mmoja kukosea ili runinga ya volti 12 ichomwe na volti 240.

Kenya si mgeni wa mambo haya. Mnamo 1984, Wamarekani Harold Burris na Mark Hankins walifunga sola katika shule ya upili ya Karamugi, Meru, na mafundi wa mahali wakafunzwa kazi hiyo. Miaka ya 1990 ilipokaribia kwisha, ilibainika kuwa baadhi ya paneli ndogo zilizojaa madukani hazikutoa nguvu zilizoandikwa, na suala la viwango likapewa uzito.

Mwaka 2012 kanuni za mifumo ya sola zilianzisha leseni za mafundi za ngazi tatu. Leo jukumu la kutoa leseni hizo liko mikononi mwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), iliyochukua nafasi ya ERC chini ya Sheria ya Kawi ya 2019.

Sheria, basi, ipo. Ugumu ni kwamba mwenye paneli moja huona ada ya fundi mwenye leseni kama mzigo, naye fundi wa mtaani haoni sababu ya kuitafuta leseni ilhali wateja hawamwulizi.

Kumwadhibu fundi huyo hakutaongeza ujuzi wake. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na huko ndiko hesabu ya waya na fyuzi inafaa kufundishwa sambamba na uashi na useremala. Wauzaji nao wanaweza kutakiwa kumwuliza mnunuzi umbali na wati kabla ya kumkatia waya.

Mjadala wa kitaifa umejikita katika bei. Bidhaa za sola zilipotozwa VAT mwaka 2020, kelele zilisikika na msamaha ukarejeshwa mwaka uliofuata. Unafuu huo ni wa haki, lakini familia inayopata paneli kwa bei nafuu kisha ikapoteza betri kila mwaka, au nyumba yenyewe, haijapunguziwa gharama yoyote.